Tumejifunza poka kwa korosho, sasa wenzangu wanataka tuweke pesa

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule moja ya sekondari hapa Mtwara. Nina miaka 34, nimeolewa, tuna watoto wawili. Mume wangu ni fundi umeme, mtu mpole na wa ibada. Hatugombani na hajawahi kunifungia ndani. Haya ninayokuandikia anayajua nusu. Hiyo nusu asiyoijua ndiyo inayoninyima usingizi.

Mwaka jana jirani yetu wa Shangani, mzee aliyefanya kazi melini miaka mingi, alirudi nyumbani moja kwa moja. Jumamosi jioni alikuwa akikaa barazani na karata zake, nasi tukipita tunamwamkia. Mimi karata nilizijua za albastini na lasti kadi tangu utoto, nikadhani ni zilezile. Akasema tukae atufundishe mchezo alioupata baharini, poka ya aina ya Texas Hold'em. Tukakaa, na hadi leo tunakaa.

Kwa usioujua, uko hivi. Kila mmoja anagawiwa karata mbili anazoziona peke yake. Katikati ya jamvi zinafunuliwa tano za watu wote: kwanza tatu kwa mpigo, kisha moja, kisha ya mwisho. Katika hizo saba unatafuta tano zako bora. Kabla ya zile tatu, na kila baada ya kufunua, watu wanaweka dau. Unaweza kufuata dau la mwenzako, kulipandisha, au kutupa karata zako na kuacha ulichokwisha kuweka. Sisi dau letu ni korosho ghafi. Kila mtu anaanza na mia moja, na usiku zote zinarudi kwenye ndoo ya mzee.

Mama, mchezo huu umenishika. Tangu nitoke chuoni sikuwa nimejifunza kitu kwa ajili ya nafsi yangu. Kila ninachojifunza ni cha mtaala, cha watoto au cha jikoni. Mada ya uwezekano naifundisha kidato cha nne kila mwaka kwa sarafu na dadu, wanafunzi wanasinzia, na kusema kweli hata mimi ilinichosha. Pale barazani nikaiona inatembea. Karata ni 52, kwa hiyo zile mbili za mwanzo zinaweza kuja kwa namna 1,326, na ree mbili, yaani zile za A ambazo ndizo karata kubwa kuliko zote, huja mara moja katika 221. Nina daftari. Naandika nilichokuwa nacho, walichofanya wenzangu, nilipofuata na nilipotupa. Wiki nzima naisubiri Jumamosi.

Tuko watano: mzee, mwalimu mwenzangu wa kike, kijana wa benki, mama mmoja jirani anayeuza vitumbua na samaki wa kukaanga, na mimi. Huyo mama ndiye anayetuchekesha. Yeye hatupi karata kabisa, anafuata kila dau ili aone mwisho wake.

Sasa mzee anasema korosho zimetufikisha mwisho. Anasema hakuna anayetupa karata kwa sababu korosho haziumi, na asiyeumia hajifunzi. Anataka kuanzia mwezi ujao kila mtu aingie na shilingi 10,000. Kijana wa benki na mwalimu mwenzangu wamekubali palepale. Mama wa vitumbua alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya." Mimi nikasema nitafikiria.

Mume wangu alipojua tunacheza, aliniambia, "Karata ni karata, lakini kama ni korosho na mnazirudisha, sina neno. Siku ikiingia shilingi, niambie kabla." Sijamwambia. Naogopa atasema niache kabisa, na mimi kuacha siwezi kufikiria. Najisemea kwamba 10,000 si hela ya kuvunja nyumba, na kwamba huu ni mchezo wa akili, si wa bahati. Tena kwa daftari langu, Jumamosi nyingi mimi ndiye ninayemaliza na korosho nyingi kuliko wote. Kama ni kupoteza, sioni nitapoteza nini.

Kuna na mdogo wangu wa kiume, ana miaka 23, yuko Newala kwenye mikorosho ya baba. Huyu anabeti mpira kwenye simu, na najua mikeka imemchanikia sana. Alipokuja kututembelea alimsikia mzee akisimulia habari za mhasibu wa Marekani, Chris Moneymaker, aliyeingia kwenye poka kwa hela ndogo akatoka na mamilioni ya dola. Tangu siku hiyo ananipigia simu: "Dada nifundishe, bora hii ya akili kuliko mikeka." Anataka ajue kabla malipo ya mnada wa kwanza hayajaingia.

Niingie na hiyo 10,000? Nimwambie mume wangu au niache jambo dogo lipite? Na mdogo wangu nimfundishe?

Mwalimu wa Chikongola, Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu. Mficha uchi hazai, nawe umeandika wazi hata yale ambayo mtu mwingine angeyaruka, kwa hiyo nami nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na jambo uliloliandika kama unaomba radhi: kwamba mchezo umekushika. Sioni la kukuonea haya hapo. Mwanamke mwenye kazi, mume na watoto wawili, aliyepata saa chache za Jumamosi akakaa barazani mlango wazi, na majirani, akijifunza jambo gumu kwa daftari na kalamu, huyo amepata kitu cha thamani. Wengi wa rika lako wananiandikia kwamba hawakumbuki mara ya mwisho walipofurahia kujua jambo jipya. Kwa hiyo lolote utakaloamua kuhusu pesa, ningependa hiyo furaha ya kujifunza isipotee njiani. Nadhani hofu yako kubwa ni hiyo, na maswali yako yote matatu yanatoka hapo.

Sasa tumsikilize mzee, maana ana hoja. Mchezo huu naufahamu kiasi, na ni kweli kwamba mfupa wake ni kutupa karata. Chukua hizo ree mbili zako. Dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote, zinashinda takriban mara 85 katika 100. Dhidi ya watu wanne ambao wote wanang'ang'ania mpaka karata ya mwisho, kama mlivyo ninyi watano, zinashuka hadi takriban mara 56. Karata ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba hakuna aliyeondoka jamvini.

Au chukua mfano huu, uuandike daftarini kwako. Una karata nne za shupaza, unaisubiri ya tano maana tano za aina moja ni nguvu kubwa, na imebaki moja tu kufunuliwa. Katikati kuna korosho 30, na ili uione unatakiwa ulipe 10. Ukilipa unawania 40, maana yake unahitaji kushinda angalau robo ya mara zote ili usile hasara. Shupaza zilizobaki ni 9 katika karata 46 usizoziona, haifiki hata moja ya tano. Hesabu inakwambia tupa. Lakini kwenye jamvi la korosho nani atatupa? Kufuata kunafurahisha, na ndoo inajazwa tena Jumamosi ijayo. Hapo mzee amesema kweli.

Ila kwa kweli hiyohiyo, nakuomba ulitazame upya daftari lako. Linasema wewe ndiye unayemaliza na korosho nyingi. Umezipata mbele ya watu wasiotupa karata, na mzee anataka kuleta pesa ili waanze kuzitupa. Siku wakianza, yule uliyemsoma miezi yote hii hatakuwa yule. Kijana wa benki anaweza kuwa mgumu kuliko ulivyomzoea. Wewe mwenyewe hujajiona bado ukiwa na shilingi zako katikati na mzee anakutazama usoni bila kupepesa. Kwa hiyo unaposema huoni utapoteza nini, mimi naona unatumia ushahidi wa mchezo mmoja kuamulia mchezo mwingine. Mwanafunzi wako akikuletea hesabu ya namna hiyo ungemrudishia.

Unasema ni mchezo wa akili, si wa bahati. Ni wa vyote viwili, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Akili inaonekana kwa muda mrefu sana, na kwa jioni moja au msimu mmoja bahati inaweza kumfunika hata fundi. Mtu aliyeingia akiamini kwamba hawezi kupoteza, akipoteza mfululizo huwa hasemi bahati imegoma. Husema bado kidogo itarudi, akaongeza. Sikutabirii hilo, sikujui kiasi hicho. Nakuuliza tu kama umeshajiwekea mahali pa kusimama, na kama yuko mtu zaidi yako anayepajua.

Kuna mtu mmoja katika barua yako umempa mistari michache, nami sijaacha kumfikiria. Ni mama wa vitumbua.

Kwenye kasino mwenye kasino hukata chake. Barazani kwenu hakuna anayekata, kwa hiyo shilingi zote zitakazoondoka na mtu zitakuwa zimetoka kwa mwingine aliyekaa palepale. Mkiingia watano ni 50,000, na usiku itakuwa 50,000 ileile katika mifuko tofauti. Wewe unaamini utakuwa miongoni mwa wanaobeba. Sawa. Zitatoka kwa nani? Umeniandikia mwenyewe kwamba yeye hatupi karata kabisa, anafuata kila dau. Kwenye korosho hiyo ndiyo raha yenu. Kwenye pesa, huyo ndiye mtu ambaye wanne wengine wote, bila nia mbaya hata chembe, watakuwa wanakula kwake kila Jumamosi. Kumi elfu ya kijana mwenye mshahara wa benki si kumi elfu ya mama anayenunua unga, mafuta na samaki kila asubuhi ili apate mtaji wa kesho. Alinyamaza, kisha akasema haya. Wewe ni mtu wa pwani, unajua "haya" ya namna hiyo inaweza kubeba nini. Huenda anazo, huenda anataka kweli, na hapendi kuonewa huruma na mtu. Huenda pia aliona aibu kuwa wa kwanza kukataa mbele ya walimu wawili na mtu wa benki. Ungepata nafasi ya kukaa naye peke yenu, kwenye jiko lake, ukamuuliza kwa staha, ungejua. Mimi kwa huku mbali sijui, na sidhani wewe unajua.

Basi mna njia zipi? Iko moja ambayo barua yako haikuigusa, nayo ni kuifanya korosho iume. Mashindano makubwa ya poka ya kule Las Vegas, yaliyoanza mwaka 1970, yanakwenda kwa utaratibu wa kila mtu kuanza na idadi sawa ya vipande, na akiishiwa ameondoka, hapewi vingine. Ninyi hamhitaji kiingilio cha pesa ili kuiga sehemu hiyo. Anzeni na mia mia kama kawaida, dau la lazima, lile linalowekwa kabla ya karata kugawiwa, likipanda kila baada ya muda mliokubaliana, na anayeishiwa anatoka jamvini, akachemshe chai, akae kando atazame wenzake wakiendelea. Mtu aliyesubiri wiki nzima kama wewe, kutoka saa kumi na mbili jioni na kukaa kutazama hadi saa tatu kunauma. Nadhani hapo hata mama wa vitumbua angeanza kutupa karata. Hatari yake ni kwamba mzee anaweza kuona ni mchezo wa watoto, na wanaotaka pesa wakaanza kuwekeana pembeni. Lakini ni jambo la kujaribiwa, na wewe mwenye hesabu ndiye ungeweza kuwapangia vizuri namna dau linavyopanda.

Ukichagua kuingia na pesa, ujue unaingia wapi. Michezo ya pesa nchini kwetu iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2003, na inaendeshwa kwa leseni. Baraza la jirani halina leseni. Kabla ya kuweka shilingi ya kwanza ningependa mzee, au ninyi nyote, mkaulize kwanza mnasimama wapi kisheria. Wewe ni mwalimu, na Mtwara ni mji wa watu kujuana. Mzazi wa mwanafunzi akisikia hatauliza kama ilikuwa 10,000 au 100,000. Halafu kuna jambo la kiwango. Mzee amesema korosho haziumi. Baada ya miezi michache 10,000 nayo itazoeleka, na hoja ileile itarudi, safari hii ikidai 20,000. Sasa hivi ndio wakati wa kumuuliza dari iko wapi, kabla hamjaanza kupanda.

Na ukichagua kubaki pembeni pesa zikiingia, hilo nalo lina maumivu yake, nisikufiche. Wenzako watakaa, wewe utapita ukiwaamkia. Labda utakaa kama mtazamaji na daftari lako. Labda mtaanzisha jamvi lingine la korosho, wewe na mama wa vitumbua na wengine wapya, nawe ukawa mwalimu wao kama mzee alivyokuwa wako. Sijui kama hilo litakutosha.

Tuje kwa mume wako. Nimeyasoma maneno yake zaidi ya mara moja: "Siku ikiingia shilingi, niambie kabla." Hakusema siku ikiingia shilingi, acha. Jibu lake umeshalitunga wewe na umeshaliogopa wewe, yeye hajafungua kinywa. Inawezekana umemjua sawasawa na atakataa. Yeye ni mtu wa ibada, na kamari imetajwa pamoja na ulevi katika Surat Al-Maida, aya ya 90. Si jambo dogo kwake, wala si kwamba anataka tu kukutawala. Kuhusu karata zisizo na dau la mali wanazuoni hawako kauli moja, na mimi si wa kukutolea fatwa. Mnaweza kwenda pamoja kwa sheikh mnayemwamini. Lakini ona kwamba yeye alikwisha kukupa nafasi: alivumilia karata kwa sababu ya korosho, akakuomba kitu kimoja. Unaliita jambo dogo, na wakati huohuo linakunyima usingizi.

Ungeweza kumwambia hivi, au kwa maneno yako: "Baba watoto, wenzangu wanataka kuweka pesa. Sijaweka. Nimekuja kwako kabla kama ulivyoniambia. Ninaupenda mchezo huu na ninaogopa utaniambia niache." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo ambayo hajawahi kuisikia. Anajua unacheza, ila sidhani anajua ni kwa kiasi gani umefurahi. Mwonyeshe daftari. Fundi umeme anaheshimu hesabu. Mwombe Jumamosi moja baada ya Maghrib aje aketi barazani atazame tu. Hatari ipo: anaweza kuja, akatazama, na bado akasema hapana kwa yote. Hapo mtakuwa na mazungumzo magumu, na sitakuahidi yatakwisha kwa namna unayotaka. Nikiyapima hayo na siku atakayosikia habari kutoka kwa mtu mwingine dukani, naona ni heri uyabebe haya ya kwanza, lakini nyumba ni yako na wewe ndiye unayelala na kuamka humo.

Mdogo wako nimemweka mwisho kwa sababu ndiye anayenitia wasiwasi zaidi.

Hadithi aliyoisikia ni ya kweli. Chris Moneymaker alikuwa mhasibu kutoka Tennessee, aliingia kwa dola 86 kwenye mchezo wa intaneti, akapata tiketi ya mashindano makubwa ya mwaka 2003 na akashinda dola milioni 2.5. Lakini mzee, au masikio ya kijana, yaliacha upande mmoja. Walioingia mwaka ule walikuwa watu 839, na kiingilio kilikuwa dola 10,000. Fungu lile la mshindi lilitoka katika viingilio hivyo, na wengi wa hao wengine walirudi kwao mikono mitupu. Watu walioingia kwenye poka kwa sababu ya hadithi hiyo ni wengi mno, na hao hatuwajui majina.

Anaposema bora hii ya akili, fikiria atakavyoicheza. Hatakuwa kwenye baraza la Shangani akiwa na mzee, ndoo na mama anayechekesha. Atakuwa Newala, usiku wa manane, peke yake na simu, na malipo ya mnada yameingia siku hiyohiyo. Atacheza na watu asiowaona, wengine wanaifanya kazi hiyo kila siku, na mwenye programu anakata chake humo. Elimu uliyonayo wewe umeipata taratibu, bila kupoteza kitu. Yeye anataka aipate kabla ya mnada.

Hata hivyo sisemi usimfundishe. Mtu akifundishwa na dada yake anayempenda, huenda akaziona namba kwa jicho lingine: kwamba karata nne za shupaza, hata zikiwa zimebaki mbili za kufunuliwa, zinakamilika takriban mara 35 tu katika 100. Huenda akaanza kuitazama mikeka yake kwa hesabu hiyohiyo. Huenda pia akachukua ulichomfundisha akakitumia kama sababu mpya ya kuweka pesa. Kipimo kimoja unaweza kukitumia: mwambie aje Mtwara, mcheze kwa korosho tu, na somo la kwanza liwe kutupa karata, tena kwa saa nzima. Akikaa akajifunza, una mwanafunzi. Akisema bila pesa hataki, hapo umepata jibu kuhusu anachokitafuta, na poka siyo.

Ila kabla ya karata, mpigie simu. Muulize kwa upole mikeka ya mpira ilimlia kiasi gani msimu uliopita, na malipo ya safari hii yamepangiwa nini: palizi, salfa ya msimu ujao, fungu la baba. Akikujibu kwa namba, kaeni nazo mkiwa wawili, wewe ni mwalimu wa hesabu. Akikasirika au akikata simu, usimfokee wala usimwache. Safiri uende, umkute uso kwa uso, na mtafute namna ya kumshirikisha baba yenu kabla mnada wa kwanza haujalipwa.